Mtahini Hakuulizi Kama ni Kweli

Novemba 2021, Mutahi Kagwe, aliyekuwa Waziri wa Afya wakati huo, alitoa hesabu ambayo nchi nzima iliicheka. Julai ya mwaka huohuo Kenya na Uingereza zilikuwa zimekubaliana kwamba wauguzi wetu waende kufanya kazi kule. Basi wakachukuliwa wauguzi 300, wakafanyishwa mtihani wa Kiingereza, na waliopita wakawa 10. Kumi, bana. Mitandaoni hakukukalika. Watu wakauliza ati hawa walisomea wapi, na kwani si Kiingereza ndicho tunachofundishiwa tangu shule ya msingi, na kama muuguzi hajui Kiingereza, hizo dawa huwa anazisomaje?

Mimi hufundisha watu kama hao. Jioni, baada ya watu kutoka kazini, nina darasa la wanafunzi wanane hadi kumi na wawili katikati ya jiji la Nairobi, ghorofa ya tatu, juu ya duka la chipsi. Wengi ni wauguzi, wachache ni wahandisi, na kila msimu hakosi mtu anayemfuata mume au mke Canada. Wote wanazungumza Kiingereza. Wanakiandika kila siku kwenye faili za wagonjwa na wanakitumia kugombana na watu wa benki. Kwa hivyo ile kelele ya kwamba hawajui Kiingereza haikunisumbua sana. Swali lililoninyima usingizi ni lingine, na aliyeniletea ni mwanafunzi mmoja, muuguzi mwenye miaka kumi na miwili kazini. Nitamfikia. Kwanza hebu tuangalie vile mtihani wenyewe unafanya kazi, manake wengi tuliocheka hatukuwa tunajua.

Mtihani unaofahamika zaidi kwa safari hizi unaitwa IELTS, na umekuwa na jina hilo tangu 1989. Una sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Kila sehemu inapewa alama kuanzia 0 hadi 9, zikipanda kwa nusu nusu. Baraza la wauguzi na wakunga la Uingereza, NMC, linataka angalau 7 katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na angalau 6.5 katika kuandika. Ukipata 8 katika kuzungumza na 6 katika kuandika, ile 8 haiwezi kuikopesha ile 6. Hujafikisha. Kwenye hesabu ya waziri unaingia kundi moja na mtu ambaye hakuelewa hata maswali. Sasa, 300 toa 10 ni 290, na kati ya hao 290 hakuna aliyetuambia nani alikosa nini na kwa kiasi gani. Sisi tukacheka tu.

Sehemu ya kuzungumza huchukua dakika 11 hadi 14. Unakaa na mtahini, anakuuliza mambo ya kawaida, kisha anakupa kadi. Kadi inakwambia, kwa mfano, ueleze kuhusu mtu mzee unayemheshimu: ni nani, mlijuana vipi, alikufundisha nini. Unapewa dakika moja ya kujiandaa, halafu unaongea kwa dakika moja hadi mbili bila kukatizwa. Mwishoni anarudi na maswali mazito zaidi kuhusu mada hiyohiyo. Sauti yako inarekodiwa, na alama zinatolewa kwa vigezo vinne: unavyotiririka na kupanga mawazo, msamiati, sarufi, na matamshi. Ni hivyo vinne peke yake. Ukiusoma huo mwongozo wa alama mstari kwa mstari, hutakutana popote na alama ya kusema kweli.

Kila mwalimu wa mtihani huu analijua hilo, na ushauri unaotoka hapo ni mwepisi: ukikosa la kusema, tunga. Huna rafiki aliyekuletea zawadi? Mpe jina, mlete. Hujawahi kwenda ziwani? Leo umeenda. Nimelisema hilo mara nyingi sana, na darasa hucheka, linatulia, tunaendelea.

Huyo muuguzi hakucheka. Tulikuwa tumefika kwenye kadi ya mtu mzee. Akaanza kueleza kuhusu baba yake, vizuri kabisa, hadi alipofika mahali ambapo baba alikuwa akimsindikiza kwenye stendi ya matatu saa kumi na moja asubuhi akiwa na tochi. Hapo akanyamaza. Mimi nilikuwa na saa mkononi. Sekunde tisa.

"Nilinyamaza sana, Mwalimu?"

"Kidogo."

"Nilikuwa namkumbuka. Tulimzika Aprili."

Nikampa pole, kisha nikamwambia kwamba siku ya mtihani anaweza kuchagua mtu mwingine, hata wa kutunga, asiye na uzito. Mtahini haulizi kama ni kweli.

"Lakini mimi najua," akasema. "Mwalimu, kazini nikiandika joto la mgonjwa ambalo sijampima, hiyo ni kosa la kufukuzwa. Sasa hapa nimelipa pesa nifundishwe kuandika joto ambalo sijapima?"

Wenzake waligeuka kunitazama. Nilimwambia nitamjibu, na haya ninayoandika ndiyo majibu, kwa sababu yalinichukua muda.

Mmoja wa watu waliolichimba suala la uongo kuliko wengi alikuwa Mwafrika, na alikuwa mwalimu wa lugha. Augustino alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, mji ambao leo unaitwa Souk Ahras, nchini Algeria. Katika Maungamo anasimulia kwamba Kilatini alikiokota akiwa mdogo kwa walezi waliombembeleza na kucheza naye. Kigiriki alikutana nacho shuleni, kwa vitisho na viboko, akakichukia. (Kama wewe au mzazi wako aliwahi kuvishwa ile diski shingoni kwa kuongea lugha ya mama, hapo hauhitaji maelezo zaidi.) Alipokua akawa mwalimu wa ufasaha, na kufikia 384 alikuwa na cheo hicho huko Milan, mji alikokaa kaisari. Hapo Milan Waitalia bado walikuwa wakimkosoa anavyotamka maneno ya Kilatini. Fikiria: mwalimu mkuu wa ufasaha, na wenyeji wanamsahihisha lafudhi.

Kazi yake ilikuwa pamoja na kutoa hotuba za kumsifu kaisari. Anakiri kwamba hotuba hizo zilijaa uongo, na kwamba waliompigia makofi walijua vizuri ni uongo. Baadaye aliiacha kazi hiyo, na mnamo 395 akaandika kitabu kizima kuhusu kusema uongo. Hoja yake kuu ni rahisi kuishika: uongo hauko kwenye maneno kutolingana na mambo yalivyo. Mtu anaweza kusema jambo lisilo kweli kwa kutojua, na hajadanganya. Uongo uko kwa yule mwenye jambo moja moyoni na lingine mdomoni, akiwa na nia ya kumpotosha anayemsikiliza. Ndiyo maana mzaha anauweka kando: anayetania haaminishi mtu, na sauti yake tu inaonyesha.

Ukiutumia mzani huo, mwanafunzi anayemtungia mtahini safari ya Kisumu hajamdanganya. Mtahini hakuja kujua kama ulienda Kisumu. Hataiandika popote, hatanunua tiketi kwa sababu yako, na mwongozo wake umemwambia asipime jambo hilo. Alichokuja kujua ni kama unaweza kusimulia safari kwa Kiingereza, na hicho unamwonyesha kweli. Joto la mgonjwa ni jambo jingine kabisa: daktari wa zamu inayofuata atalisoma na kutoa dawa kwa kulitegemea. Tofauti iko kwa anayelitegemea neno lako, na analitegemea kwa ajili gani.

Sisi tulishalijua hili kabla ya Augustino kuletwa darasani. Msimuliaji wa Kiswahili haanzi tu kumwaga mambo ya sungura na fisi. Anasema "Paukwa!" na anangoja. Wasikilizaji wanajibu "Pakawa!" na hapo ndipo mlango unafunguka. Wamekubali. Kuanzia hapo hakuna atakayemshtaki kwamba sungura haongei. Kile kibali ni cha pande mbili, na kinatolewa kwa sauti, mbele ya wote. Mtihani wa kuzungumza una kibali kama hicho, ila hakuna anayekitamka. Mtahini anakaa na uso wa serikali, kuna kinasa sauti mezani, kitambulisho chako kimekaguliwa mlangoni, alama za vidole zimechukuliwa, kisha unaulizwa kuhusu baba yako. Mtu yeyote mwenye adabu atadhani yuko mahakamani. Huyo muuguzi hakukosea kuona hivyo. Ni mtihani uliosahau kusema paukwa.

Lakini hiyo ni nusu ya jibu. Nusu nyingine ni kwamba hata kama kutunga si dhambi, hakuna anayepaswa kulazimika kutunga ili atiririke. Yeye aliutaka ukweli wake. Basi tukafanya kitu kingine: nikamfundisha jinsi ya kukisemea kimya chake. Kwa Kiingereza kuna njia nyingi za kumwambia mtu, nipe sekunde, namkumbuka, jambo hili bado liko karibu. Ni sentensi fupi, za watu wazima, na mtu anayezisema hajakwama lugha. Lugha yake imefika mahali ambapo inaweza kubeba hata huzuni. Hizo sekunde tisa zikawa sekunde mbili, na baba na tochi yake wakabaki kwenye simulizi. Sidhani kuna siku nimefundisha Kiingereza kizuri kuliko hicho.

Sasa kuna kitu kingine ambacho watu hukichanganya na kutunga, na hapo ndipo naona uongo wenyewe umejificha. Ni majibu ya kukariri. Yanauzwa kwenye simu kwa makundi, kadi hamsini na majibu yake, insha ishirini zenye matundu ya kujaza. Mtu anakremu dakika mbili za Kiingereza cha mtu mwingine, anaingia, anazimwaga.

Mtu atasema si wote wanatunga, tofauti iko wapi? Tumia mzani uleule. Mtahini anategemea kitu kimoja tu kutoka kwako: kwamba Kiingereza unachosema ni chako. Akikusikia, anaandika namba inayomaanisha kwamba kesho, mahali pengine, mbele ya swali ambalo hukulitarajia, utaweza kufanya hivi tena. Aliyetunga safari ameitimiza ahadi hiyo. Aliyekariri insha ya mwenzake ameivunja, hata kama kila sentensi aliyoikariri ni ya kweli. Ukiniuliza, mtu wa kwanza hajasema uongo wowote na wa pili hajasema kweli yoyote.

Na anayepotoshwa si mtahini peke yake. Nyuma ya ile namba kuna mzee fulani, labda Leeds, amelala wodini saa tisa usiku, amewekewa mpira wa dawa mkononi, anajaribu kueleza kwamba maumivu yamehama kutoka tumboni hadi kifuani. Anaongea lafudhi ya kwao, anaongea kwa shida, na hakuna kadi iliyokaririwa inayolingana na sentensi yake. Yeye hajui IELTS ni nini. Anaamini tu kwamba aliyesimama mbele yake atamwelewa. Nikiuza majibu ya kukariri, pesa ninazopokea zimetoka mfukoni mwa mwanafunzi, lakini deni nimemwachia huyo mzee.

Naelewa mbona watu wanayanunua. Mtihani ni ghali, matokeo yake yana uhai wa miaka miwili tu, na nyumbani kuna watoto na mkopo wa sako. Tena tulilelewa hivyo. Wengi wetu tulifanya KCPE, ule mtihani uliofanywa mara ya mwisho 2023, na tuliingia na insha kichwani: siku ambayo haitafutika akilini, jogoo akiwika, jua likitabasamu, methali tatu kila ukurasa. Tulisifiwa kwa hilo. Hakuna aliyetuuliza kama huko kwetu kulikuwa na jogoo. Mtu aliyepewa alama kwa kukariri akiwa na miaka kumi na tatu, ukimwambia akiwa na thelathini na tano kwamba kukariri ni kumwibia mgonjwa, lazima ashangae. Kuelewa huko kunanifanya nisimdharau. Hakunifanyi niyauze.

Ila mzani ni wa wote. Kama mtahiniwa anadaiwa kwamba asidai zaidi ya anachoweza, basi hata namba inadaiwa hivyo. Na namba zetu zinasema mengi ambayo hazikupima.

Chukua kosa dogo la Kiingereza chetu. Mkenya anaondoka mezani, anatoka mlangoni, na huku mgongo umekuelekea anakwambia "I'm coming." Sisi tunaelewa: nakuja, narudi sasa hivi. Ni Kiswahili kimevaa koti. Mgonjwa wa Uingereza atamwangalia muuguzi anayeondoka huku akisema anakuja, na atabaki amechanganyikiwa. Hilo ni jambo linaloweza kuwa na maana kitandani. Lakini kwenye mtihani, sarufi ya sentensi hiyo ni safi kabisa. Hakuna nusu alama itakayopotea. Wakati huohuo, muuguzi anayeweza kuandika ripoti ya zamu isiyo na utata anaweza kupata 6 katika kuandika kwa sababu hakuipanga vizuri insha ya maneno 250 kuhusu iwapo makumbusho yanapaswa kuwa bure. Makumbusho, msee.

Sisemi mtihani ni hila. Watu waliutengeneza kwa bidii, na mgonjwa ana haki ya kueleweka. Wenye mamlaka wenyewe wameonyesha kwamba wanaijua kasoro hii. NMC hukubali pia mtihani mwingine, OET, uliotengenezwa kwa ajili ya watu wa afya, ambapo muuguzi anaandika barua ya kumhamisha mgonjwa na kuzungumza na mtu anayeigiza mgonjwa. Na tangu 2023, mtu aliyesomea kazi yake kwa Kiingereza katika nchi kama yetu, au aliyekosa alama kwa nusu tu, anaweza kuletewa ushahidi na mwajiri wake wa Uingereza, kama tayari amefanya kazi kule ya kuhudumia wagonjwa kwa mwaka mmoja bila cheo cha uuguzi. Ni mlango mwembamba, manake lazima kwanza ufike kule. Lakini ni kukubali kwamba mtu aliyekusikia ukifanya kazi mwaka mzima ana jambo la kusema ambalo dakika 14 haziwezi kulisema.

Augustino ana lalamiko moja ambalo hunirudia kila nikisahihisha matamshi. Anasema waalimu wa lugha wa zamani zake wangeshtuka zaidi mtu akilitamka neno la Kilatini lenye maana ya binadamu bila ile h ya mwanzo, kuliko mtu akimchukia binadamu mwenyewe. Alikuwa anajisema na yeye. Mimi husahihisha r na l za wanafunzi wangu kwa sababu zinaweza kumchanganya mgonjwa, na nitaendelea. Ila nimejiwekea sheria ya kujiuliza, kabla sijamkatiza mtu, kama ninachokirekebisha kitamsaidia anayesikiliza au kitanifanya mimi nionekane mwalimu.

Siku hizi nikifika kwenye zile kadi, naanza na "Paukwa!" Wauguzi wazima na wahandisi wananijibu "Pakawa!" huku wakicheka, na kuanzia hapo wanajua wako wapi: anayetaka kutunga anatunga kwa kibali, anayetaka kusema ya kweli nitamtafutia maneno yake. Majibu ya kukariri hayaingii darasani kwangu, hata kama yule wa ghorofa ya chini anayauza na ana wanafunzi wengi kuniliko.

Na wewe ambaye huenda hutawahi kuufanya mtihani huu, siku nyingine ukisikia waziri akisoma hesabu ya walioanguka, jaribu kuuliza walikuwa wameulizwa nini. Alama ni jibu la swali fulani. Walioanguka 2021 waliulizwa kama wanafikisha 7, 7, 7 na 6.5 siku hiyo, na wengi walijibu hapana. Sisi tukasema wamejibu kwamba hawajui Kiingereza, wengine wakasema kwamba hawajui kazi. Hayo mawili hakuna mtu aliyewauliza.